Mashine ya kusaga inatetemeka? Anza na nyundo, mpira uje baadaye

Kila mwaka mavuno yakianza kuingia, kuanzia Mei hivi, simu yangu huwa na swali moja. Leo linatoka Kibaigwa, kesho Mpwapwa, keshokutwa Manyoni: "Fundi, mashine yangu inatikisika mpaka vyombo vya jirani vinalia. Niweke mpira wa unene gani?" Mwaka jana mama mmoja wa Kongwa aliniambia ameshaweka vipande vya tairi chini ya injini yake na sasa inaruka kuliko mwanzo. Alikuwa ametumia pesa na siku mbili za kazi kuongeza tatizo.

Mpira ni dawa ya hatua ya nane. Mtetemo una chanzo chake, una njia unayopitia, halafu una mahali unapofika. Ukifunika njia chanzo kikiwa bado hai, beringi zitaendelea kuliwa na fremu itaendelea kupasuka kwenye maungio, ila sasa hutasikia. Ndiyo maana hatua hizi zimepangwa kwa mfuatano huu, na nakuomba usiruke hata moja.

Nimeandika nikiwa na mashine ya kusaga ya nyundo kichwani, maana ndiyo iliyojaa huku kwetu Dodoma. Nyundo ni vile vipande vya chuma vinavyozunguka ndani na kuponda nafaka. Mwenye mashine ya kukoboa au ya kukamua alizeti atatumia hatua zile zile, isipokuwa ya nyundo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Spana za saizi za bolti zako, pima maji, uzi imara wa mita tatu, rula ya chuma, chaki, wembe mpya, tochi, grisi ya beringi, bisibisi ndefu, vibati vyembamba vya chuma vya kujazia mapengo, na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Hiyo mizani usiidharau, ndiyo itakayokuokoa. Tafuta pia kufuli la kufungia swichi kuu, daftari, na simu yenye kurekodi sauti. Zege na mpira usinunue bado.

Tenga siku nzima ambayo husagi. Kazi hii haifanyiki huku wateja wamepanga foleni na madebe yao.

Hatua ya 1: Isikilize ikiwa mbovu

Kabla hujagusa chochote, washa mashine tupu. Weka glasi ya maji nusu juu ya fremu na uangalie uso wa maji unavyocheza. Weka simu mita mbili kutoka kwenye mashine, mahali utakapopakumbuka, urekodi dakika moja. Kisha tia mahindi, urekodi tena. Andika yote kwenye daftari. Bila rekodi hii hutajua kama kazi yako imesaidia, kwa sababu sikio husahau haraka sana.

Sasa zima, na uwe makini na sekunde zinazofuata, kwa kuwa zina habari nyingi:

- Mlio ukikatika papo hapo umeme unapokatika, wakati shafti bado inazunguka kwa kasi, tatizo lina asili ya umeme. Mara nyingi ni laini moja kati ya tatu kuwa dhaifu.
- Mtetemo ukipungua polepole pamoja na mzunguko, chanzo ni kitu kinachozunguka: nyundo, puli au shafti.
- Mashine ikianza kutulia, halafu ghafla ikatikisika sana kwa sekunde chache na kutulia tena, basi fremu au msingi una mwendo wake wa asili ambao mzunguko umepita katikati yake. Hapo ugonjwa uko kwenye fremu au msingi.

Jaribio la mwisho: zima, funga swichi, vua mikanda, kisha washa mota peke yake. Ikitetemeka hata bila mikanda, mgonjwa ni mota na huna haja ya kufungua kinu, yaani sehemu yenye nyundo. Ikizunguka kimya, endelea.

Hatua ya 2: Zima, funga kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako

Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, subiri mpaka rota (shafti pamoja na sahani na nyundo zake) isimame kabisa. Usimwachie mtu kazi ya kulinda swichi. Mtoto akija na ndoo ya mtama na kukuta hakuna anayeangalia, atabonyeza. Kwa injini ya dizeli, funga mafuta na uondoe hendeli ya kuwashia.

Hatua ya 3: Kaza, halafu tafuta mguu unaoelea

Kaza kila nati ya fremu, ya mota, ya nyumba za beringi na ya msingi. Nati inayolegea kila wiki ina sababu, kwa hiyo itie alama ya chaki ili ujue ni ipi.

Baada ya kukaza, legeza bolti moja tu ya mguu wa mota na ujaribu kupitisha wembe chini ya mguu huo. Wembe una unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukipita, mguu huo ulikuwa ukielea, na kila ulipoukaza ulikuwa unaipinda mota. Jaza pengo kwa kibati chembamba cha chuma chenye upana wa mguu mzima, kaza, kisha nenda mguu unaofuata. Fanya hivyo kwenye miguu yote ya mota na ya kinu.

Kosa la kawaida: kujaza pengo kwa kadibodi, mbao au kipande cha kandambili. Vitu hivyo vinabonyea baada ya siku mbili na pengo linarudi. Ni bati au chuma tu.

Hatua ya 4: Pima nyundo

Hapa ndipo nusu ya kesi ninazoitiwa huishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyundo zinazunguka kwa kasi kubwa. Chukua kinu kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, chenye nyundo zilizo sentimita 20 kutoka katikati ya shafti. Upande mmoja ukiwa mzito kwa gramu 20 tu kuliko wa pili, gramu hizo zinavuta shafti kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40, na mvuto huo unazunguka mara 50 kila sekunde. Nati zako zote zinavumilia hilo mchana kutwa. Tena nguvu hiyo hukua haraka kuliko kasi: mzunguko ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne.

Fanya hivi:

a) Fungua kifuniko, toa chekeche, safisha unga wote uliogandamana kwenye sahani za rota. Unga ulioloa na kukauka upande mmoja unatosha kuleta mtetemo. Nimelikuta jambo hili mara nyingi kipindi cha mvua, Januari hadi Machi, watu wanaposaga nafaka isiyokauka vizuri.

b) Toa nyundo pini moja baada ya nyingine, na uzipange chini kwa mpangilio ule ule zilivyokaa. Zipe namba kwa chaki.

c) Pima kila moja kwenye mizani ya jikoni, andika.

d) Zipange upya ili nyundo inayokaa nafasi fulani kwenye pini moja iwe na uzito sawa na mwenzake wa nafasi hiyo hiyo kwenye pini ya upande wa pili. Mimi sikubali tofauti inayozidi gramu 3 kati ya nyundo na mwenzake. Jumla ya pini na pini nayo ipime.

e) Nyundo iliyoliwa kona moja igeuze utumie kona nyingine, lakini zigeuze zote kwa pamoja.

f) Angalia pini na matundu ya nyundo. Tundu lililolika likawa kama yai linaifanya nyundo ikae vibaya, hata kama uzito wake ni sahihi.

Kosa la kawaida, na ndilo linalonisikitisha kuliko yote: nyundo moja imevunjika, mtu ananunua moja mpya na kuitia peke yake katikati ya zilizochakaa. Nyundo mpya inaweza kuwa nzito kwa makumi ya gramu kuliko za zamani. Ukibadilisha moja, badilisha na mwenzake wa upande wa pili. Ukiweza, badilisha seti nzima.

Baada ya kurudisha nyundo, na mikanda ikiwa bado imevuliwa, zungusha rota taratibu kwa mkono uiache isimame yenyewe. Tia alama ya chaki sehemu iliyo chini. Rudia mara sita. Ikisimama sehemu tofauti tofauti, uko salama. Alama ile ile ikirudi chini kila mara, upande huo bado ni mzito. Kagua tena nyundo, kisha puli.

Hatua ya 5: Beringi

Shika shafti karibu na beringi uinyanyue juu na chini. Ukisikia mchezo, hata mdogo, beringi imekwisha au imelegea kwenye shafti. Zungusha polepole ukiwa umegusisha ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Beringi nzima inatoa mlio laini, kama upepo. Mbovu inakwaruza au inagonga kwa mpigo. Jaribio hili lifanye rota ikizungushwa kwa mkono. Usilifanye mashine ikiwa kazini huku umevaa kanzu, kanga au shati lisilochomekwa.

Grisi tia kwa kiasi. Wengi wanasukuma mpaka itoke pande zote wakiamini ndiyo kuitunza beringi. Grisi ikizidi, beringi inachemka, na ikichemka grisi inayeyuka na kutoka. Futa nipeli ya kutilia grisi kabla ya kusukuma, la sivyo unaingiza vumbi la unga na mchanga wetu mwekundu moja kwa moja ndani.

Hatua ya 6: Puli na mikanda

Nyoosha uzi kutoka ukingo wa nje wa puli ya mota hadi ukingo wa nje wa puli ya kinu. Kama kingo zina unene sawa, uzi unapaswa kugusa sehemu nne: mbili kwa kila puli. Ukigusa tatu, puli moja imepinda kwenda upande. Sogeza mota mpaka zigusane zote nne.

Angalia mifereji ya puli kwa tochi. Mkanda mzuri hukaa mgongo wake ukiwa karibu sawa na ukingo wa puli na unabana kwa mbavu zake. Ukiona umezama hadi chini, na chini ya mfereji kunang'aa, puli imelika. Mkanda mpya hautasaidia hapo, badilisha puli.

Kaza mikanda kwa kipimo. Pima umbali ambao mkanda uko hewani kati ya puli na puli, kisha bonyeza katikati kwa kidole gumba kwa nguvu ya kawaida. Kwa kila sentimita 100 za umbali huo mkanda ushuke kama sentimita 1.6. Ukishuka sana unapiga mijeledi na kulia. Usiposhuka kabisa unazivuta beringi hadi zife.

Mikanda ibadilishwe yote kwa wakati mmoja. Mpya mmoja katikati ya mitatu ya zamani unabeba kazi ya wote. Na usipake grisi, sabuni wala lami kwenye mkanda unaolia.

Kuna tabia imeenea ya kuweka puli ndogo kwenye kinu ili kisage haraka. Kutoka mizunguko 2,880 kwenda 3,600 kwa dakika inaonekana ni nyongeza ndogo, robo tu. Lakini nguvu ya upande mzito inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na nyundo, sahani na beringi hazikutengenezwa kwa ajili ya hiyo. Kama mashine ilianza kutetemeka baada ya kubadilisha puli, rudisha ya zamani leo.

Sasa washa tena, weka glasi ya maji, rekodi, linganisha. Mashine nyingi hutulia hapa, na mwenyewe hana haja ya kuendelea na matumizi mengine.

Hatua ya 7: Msingi

Kama bado inatikisika, na hasa kama sakafu nzima inatetemeka pamoja nayo, angalia inakaa juu ya nini. Fremu iliyofungwa kwenye sakafu ya saruji ya sentimita tano haina msingi, imewekwa tu juu ya kigae kikubwa.

Kanuni ya mafundi ni hii: zege la msingi liwe na uzito usiopungua mara 3 ya mashine inayozunguka pamoja na mota yake, na mara 5 kwa injini ya dizeli ya pistoni. Tuseme kinu, mota na fremu ni kilo 350. Unahitaji zege la kilo 1,050 hivi. Zege lina kilo kama 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo tofali la mita 1.2 kwa 0.8, kina sentimita 46, linatosha.

Udongo wa Dodoma una sura mbili. Ule mwekundu wenye changarawe unabeba vizuri. Lakini kama uko kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka nyufa za kuingia mkono kiangazi na kuvimba mvua zikinyesha, usimwage zege juu yake. Utainuka upande mmoja, mashine italala, na puli ulizozipanga kwa uzi zitapotea njia. Uchimbe utoke, ujaze moramu, ushindilie tabaka kwa tabaka ukinyunyiza maji, ndipo umwage.

Tumia mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, na nondo za kutosha. Bolti za msingi zishikilie kwa kiolezo cha ubao kilichotobolewa sawa na miguu ya fremu, zisihame wakati wa kumwaga. Acha mwanya wa sentimita 2 hadi 3 kuzunguka msingi wote usigusane na sakafu ya jengo, uujaze kitu laini. Mwanya huo ndio unaozuia mtetemo usitambae mpaka kwenye ukuta wa jirani. Mafundi ujenzi wanapenda kuuziba kwa saruji ili sakafu ipendeze. Simama nao mpaka wamalize.

Hapa kwetu jua na upepo mkavu vinanyonya maji ya zege haraka. Lifunike kwa magunia yaliyoloa, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Nguvu yake kamili inahesabiwa siku ya 28. Usifunge mashine siku ya tatu kwa sababu wateja wanauliza.

Hatua ya 8: Sasa mpira, na si kwa kila mashine

Mpira hufanya kazi pale tu mashine inapozunguka haraka kuliko mpira unavyoweza kuchezacheza. Ikiwa kinyume, mpira unaukuza mtetemo. Ndicho kilichompata yule mama wa Kongwa.

Kipimo chake ni rahisi. Pima urefu wa mpira kabla ya kuweka mashine na baada ya kuweka. Mota ya kawaida inayozunguka mara 1,440 kwa dakika ikikaa juu ya mpira uliobonyea milimita 3, kwa makadirio ni karibu moja ya sita tu ya nguvu ya mtetemo itakayopita kwenda chini. Mpira ukibonyea milimita 1 tu, robo tatu inapita, umepoteza pesa. Na injini nzito ya dizeli ya mwendo wa polepole, mizunguko 650 kwa dakika, ukiiweka juu ya mpira huo huo wa milimita 3, unaweza kuukuza mtetemo zaidi ya mara mbili. Injini hizo zifunge moja kwa moja kwenye zege zito, basi.

Ukiweka mpira, zingatia haya:

- Kipande cha tairi la gari ni kigumu mno, kina nyuzi na mara nyingi waya ndani, na hakibonyei. Tafuta mpira laini mzima wa sentimita 4 hadi 5, au vikalio vya mashine vinavyouzwa tayari na uzito vinavyobeba umeandikwa.
- Mota na kinu viwe kwenye fremu moja ngumu, mpira uwe chini ya fremu hiyo. Usiweke mpira chini ya mota peke yake. Mkanda utaivuta na puli zitapinda.
- Mpira unapobonyea unatanuka pembeni. Usiufungie kwenye kikombe cha chuma kilichoubana.
- Bolti inayopita katikati ya mpira na kukazwa kwa chuma juu na chini inaupitisha mtetemo wote. Weka washa ya mpira chini ya nati na kipande cha bomba la mpira kuizunguka bolti.
- Waya wa umeme uwe na mzunguko uliolegea, na mdomo wa unga uunganishwe kwa kitambaa kizito badala ya bati. Njia moja ngumu iliyobaki inaharibu kazi ya vikalio vyote vinne.

Hatua ya 9: Kelele inayopita hewani

Mashine imetulia lakini jirani bado analalamika? Hiyo ni sauti, na dawa yake ni tofauti na ya mtetemo.

Anza na mabati. Gusa kwa mkono kifuniko, mdomo wa kumiminia nafaka na bomba la unga. Bati linalolia hunyamaza ukilishika. Ulipolishika, libandike kipande cha mpira wa tyubu kwa gundi kali, kifunike angalau nusu ya eneo lake. Mabati ya paa yanayogongana yaongezee misumari yenye mpira.

Kinachozuia sauti ni uzito. Wazee wetu wa Kigogo walijenga tembe zenye kuta nene za udongo na paa la udongo, na ukiwa ndani ya tembe unasikia utulivu usioupata kwenye kibanda cha mabati. Ukuta wa tofali za sentimita 15 uliopigwa plasta pande zote mbili unafanya kazi hiyo hiyo. Lakini ziba matundu: uwazi wa asilimia 1 tu ya ukuta unatosha kuuzuia ukuta huo usipunguze zaidi ya desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hata uujenge mnene namna gani. Mlango na dirisha vielekee upande usio na makazi. Mota inahitaji hewa, kwa hiyo tundu la hewa liwe na kona, ukuta mfupi ukisimama mbele yake ili sauti isitoke moja kwa moja.

Onyo: usibandike trei za mayai wala vipande vya godoro ukutani. Trei hazizuii sauti kwenda kwa jirani, na vyote viwili vinashika moto haraka. Vumbi la unga hewani nalo linaweza kuwaka. Usichanganye vitu hivyo na cheche za umeme chini ya paa moja.

Kelele na mitetemo vina kanuni zake za kitaifa za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, na malalamiko ya jirani yanaweza kufika NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Heri umalize kwa tofali kabla hujaandikiwa barua.

Na masikio ya anayesaga? Kama lazima upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele imekaribia au imepita desibeli 85, kiwango ambacho wataalamu wengi wa afya kazini hukihesabu kwa saa 8 kwa siku. Kwa kipimo chao, kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Kijana wako anayesaga toka asubuhi hadi magharibi mnunulie vizibo vya masikio. Pamba haitoshi. Usikivu ukipotea kwa kelele haurudi.

Hatua ya 10: Mizani na vifaa vinavyosumbuliwa na mtetemo

Wengi mna mizani ya kielektroniki humo humo mnamosagia, na namba zinacheza hazitulii. Usiiweke kwenye sakafu iliyoungana na msingi wa mashine wala kwenye rafu ya ukutani. Imwagie jiwe lake dogo la zege, lenye mwanya pande zote, mbali kadiri chumba kinavyoruhusu, na uangalie kiputo cha usawa. Usiifungue wala kugusa lakiri yake. Kama inasoma vibaya hata mashine ikiwa imezimwa, hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo.

Kwa vifaa vinavyosumbuliwa hata na mtetemo mdogo sana, kama darubini ya zahanati iliyo jirani na mashine au mizani ya gramu ya duka la dawa, kuna njia ya bei nafuu: weka tyubu ya toroli iliyojazwa hewa kidogo, iwe laini, juu ya meza nzito. Juu yake laza bamba la zege la sentimita 40 kwa 40, unene 5, ambalo lina kilo kama 19, kisha kifaa juu ya bamba. Hewa ikipungua bamba litalala, kwa hiyo liangalie kwa pima maji kila asubuhi. Mizani ya biashara usiiweke hivyo, maana inahitaji kukaa imara.

Ukikwama

*Ikiwa tupu imetulia, ukitia mahindi inatikisika.* Angalia kama nafaka inaingia upande mmoja wa kinu. Punguza mlango wa kumiminia, hakikisha chekeche halijaziba wala kupasuka.

*Ilikuwa nzuri, ghafla inapiga kishindo.* Zima hapo hapo. Nyundo au pini imevunjika, au msumari umeingia. Usiseme "nimalizie debe hili". Ukishatengeneza, funga sumaku kwenye mdomo wa kumiminia.

*Mota inanguruma, inachemka, haina nguvu.* Laini moja ya umeme imepungua au imekatika. Zima, mwite fundi umeme mwenye leseni. Ukiendelea kusaga mota itaungua.

*Asubuhi inalia, ikipata moto inanyamaza.* Mara nyingi ni mikanda iliyokauka au kulegea. Rudi hatua ya 6.

*Umeweka mpira na sasa inayumba kama ngalawa.* Pima ulivyobonyea kila kona. Tofauti kati ya kona ikizidi milimita 1, uzito haujakaa sawa. Sogeza vikalio vielekee upande mzito, au ongeza zege juu ya fremu.

*Nyundo zina uzito sawa, puli nzima, beringi mpya, na bado alama ya chaki inarudi chini.* Rota yenyewe imepinda au imechomelewa vibaya. Usijaribu kuongeza vipande vya chuma kwa kubahatisha, kipande kikichomoka kwa kasi ile kinaua. Ipeleke rota nzima, pamoja na shafti na puli yake, kwenye karakana yenye mashine ya kusawazisha, na uwape daftari lako: uzito wa nyundo, kipenyo cha puli zote mbili, na mizunguko iliyoandikwa kwenye kibati cha mota.